Jicho la Kompyuta Halioni Nyuma ya Mkunjo

Watafiti wa Kaiser Permanente, shirika linaloendesha hospitali nyingi jimboni California, walipitia rekodi za kolonoskopi (kipimo cha kuutazama utumbo mpana kwa kamera) 314,872 zilizofanywa na madaktari bingwa 136 wa kaskazini mwa jimbo hilo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika New England Journal of Medicine. Daktari wa mwisho katika orodha alikuwa akigundua adenoma, yaani polipu yenye uwezo wa kugeuka saratani, kwa wagonjwa 7 tu kati ya kila 100. Daktari wa kwanza alizigundua kwa wagonjwa zaidi ya 52. Mwajiri wao mmoja, kazi yao moja, lakini mgonjwa aliyepangiwa huyu badala ya yule alikuwa amepata kipimo tofauti kabisa bila kujua.

Tofauti hiyo ililipwa kwa maisha ya watu. Kila kiwango cha ugunduzi cha daktari kilipozidi kwa asilimia moja, uwezekano wa wagonjwa wake kupata saratani ya utumbo mpana katika kipindi cha miezi sita hadi miaka kumi baada ya kupimwa ulipungua kwa asilimia 3. Uwezekano wa saratani hiyo kuwaua ulipungua kwa asilimia 5. Kiwango cha ugunduzi wa adenoma ndicho mizani ya kumpimia daktari wa kolonoskopi, na kila kampuni yenye kifaa cha kuuza hudai kwamba kifaa chake kitakipandisha. Cha karibuni ni akili mnemba: kompyuta inayoitazama skrini pamoja na daktari na kuchora kisanduku cha rangi kuzunguka chochote inachokishuku.

Nitangulize msimamo wangu. Teknolojia hii inafanya kazi, na majaribio ya kisayansi yanathibitisha. Lakini inatibu nusu moja tu ya tatizo, na nusu hiyo sio ile inayozisumbua zaidi hospitali zetu za Afrika Mashariki. Anayetaka kuinunua aelewe kwanza polipu hukosekanaje.

Polipu ni kinyama kinachoota kwenye utando wa ndani wa utumbo. Nyingi hazina madhara. Baadhi ni adenoma, na chache kati ya hizo hukua polepole, kwa kawaida kwa miaka kumi hivi, hadi kuwa saratani. Mwaka 1969, jijini New York, madaktari William Wolff na Hiromi Shinya walianza kuziondoa kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa ndani ya kolonoskopu, mrija wenye kamera, bila kumpasua mgonjwa tumbo. Mwaka 1993 utafiti wa Marekani ulioitwa National Polyp Study ulionyesha kwamba watu walioondolewa adenoma walipata saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 76 hadi 90 chini ya ilivyotarajiwa. Hapo ndipo kolonoskopi inapopishana na vipimo vingi vya saratani: haiishii kuugundua ugonjwa mapema, inang'oa chanzo chake. Sharti lake ni moja, chanzo hicho kionekane.

Na mara nyingi hakionekani. Njia ya kulijua hilo ni kumpima mgonjwa mmoja mara mbili mfululizo, kolonoskopi ya pili ikifuata ya kwanza siku hiyohiyo. Uchambuzi uliokusanya tafiti za aina hiyo, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba takriban robo ya adenoma hupitwa katika kipimo cha kwanza. Nyingi ni ndogo, lakini adenoma zenye hatari kubwa nazo zimo.

Polipu hupitwa kwa njia mbili, na hoja yangu yote imejengwa juu ya kuzitenganisha. Ya kwanza: polipu haikufika kabisa mbele ya kamera. Utumbo mpana si bomba lililonyooka. Ukuta wake una mikunjo kama marinda ya sketi, na kamera inatazama mbele tu. Kilicho nyuma ya mkunjo, chini ya mabaki ya choo au kwenye kona daktari aliyoipita kwa haraka hakipo kwenye skrini. Njia ya pili: polipu ilifika kwenye skrini lakini hakuna aliyeitambua. Huenda ilikuwa ya milimita tatu, huenda ilikuwa bapa na yenye rangi ya ukuta wenyewe, huenda daktari alikuwa kwenye mgonjwa wa nane wa siku hiyo.

Polipu bapa zinastahili neno la ziada. Kwa miaka mingi madaktari wa nchi za Magharibi waliziona kuwa jambo la Wajapani. Mwaka 2008 madaktari wa hospitali ya askari wastaafu ya Palo Alto, California, walieleza katika jarida la JAMA kwamba walizikuta kwa asilimia 9 ya wagonjwa wao, na kwamba zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba saratani kuliko zile zilizochomoza. Waliokuwa hawazioni walikuwa hawajafundishwa kuzitafuta.

Sasa tuvipange vifaa kulingana na njia hizo mbili. Dhidi ya polipu iliyofichika, silaha ya kwanza wala si kifaa, ni dawa ya kusafisha tumbo. Mgonjwa anayekunywa nusu ya dawa jioni na nusu iliyobaki alfajiri ya siku ya kipimo husafika vizuri kuliko anayeimaliza yote usiku, na upande wa kulia wa utumbo ndio unaofaidika zaidi. Silaha ya pili ni muda. Huko Rockford, Illinois, madaktari 12 walipimwa dakika wanazotumia kutoa kolonoskopu kutoka sikamu, mwanzo wa utumbo mpana, hadi nje. Waliotumia wastani wa dakika 6 au zaidi waligundua uvimbe wa aina ya adenoma kwa asilimia 28.3 ya waliowapima. Waliokimbia kuliko hapo, asilimia 11.8. Utafiti huo ni wa mwaka 2006, na haukuhitaji mtambo wowote zaidi ya saa ya ukutani.

Zinafuata mbinu za mkono: kumgeuza mgonjwa kutoka ubavu mmoja hadi mwingine ili hewa iufungue utumbo, kurudi kuutazama upande wa kulia mara ya pili, kujaza maji badala ya hewa wakati wa kuingia. Kisha vipo vifaa vidogo vya kuvisha ncha ya kolonoskopu. Kuna kofia ya plastiki inayopitisha mwanga, na kuna Endocuff, pete yenye vidole laini vinavyoinyoosha mikunjo kolonoskopu inaporudi nje. Endocuff ilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa 1,772, na kiwango cha ugunduzi wa adenoma kikapanda kutoka asilimia 36.2 hadi 40.9. Hakuna kompyuta humo, ni plastiki.

Dhidi ya polipu iliyofika kwenye skrini isitambuliwe, kwa muda mrefu tulikuwa na rangi na mwanga. Daktari hunyunyizia rangi ya indigo ukutani ili kingo za polipu bapa zijitokeze, au hubonyeza kitufe cha mwanga maalumu unaoonyesha mishipa midogo ya damu. Zote husaidia, ila rangi inakula muda na jicho linalotazama bado ni la mtu aliyechoka. Hapa ndipo akili mnemba ilipopata mlango.

Mfumo wenyewe hufunzwa kwa maelfu ya picha ambazo wataalamu wameziwekea alama: hii polipu, hii siyo. Baada ya mafunzo hayo unaunganishwa na mtambo wa kolonoskopi na kuzichambua picha papo hapo, moja baada ya nyingine, bila kupepesa. Jaribio lililofungua njia lilifanyika Chengdu, China, na kuchapishwa mwaka 2019. Watu 1,058 waligawanywa kwa kura. Kiwango cha ugunduzi kilikuwa asilimia 20.3 bila kompyuta na 29.1 pamoja nayo. Mwaka uliofuata hospitali tatu za Italia zilitoa matokeo ya wagonjwa 685: kutoka asilimia 40.4 hadi 54.8. Mfumo uliotumika Italia, GI Genius, ulipata kibali cha mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwezi Aprili 2021. Uingereza nayo ilijaribu katika hospitali za umma na kupata kutoka asilimia 48.4 hadi 56.6. Katika jaribio la kupima mara mbili mfululizo, adenoma zilizopitwa zilikuwa asilimia 32.4 kompyuta isipotumika mara ya kwanza, na 15.5 ilipotumika.

Takwimu hizo ni nzito, na asiyezikubali anabishana kwa ukaidi. Ila zina maswali matatu ndani yake.

Swali la kwanza: ni polipu gani zilizoongezeka? Huko Chengdu sehemu kubwa ya ongezeko ilikuwa adenoma ndogo za milimita tano kushuka chini. Uchambuzi wa mwaka 2023 uliojumlisha majaribio 21 na watu 18,232 ulithibitisha kupanda kwa kiwango cha ugunduzi kutoka asilimia 35.9 hadi 44.0, lakini haukuona tofauti ya maana katika adenoma zenye hatari kubwa. Uliona pia kwamba polipu zisizo na madhara zilizokatwa bure ziliongezeka. Huko Hispania, watu 3,213 waliokutwa na damu iliyofichika katika choo walipimwa kwa kolonoskopi; kompyuta haikuongeza ugunduzi wa uvimbe wenye hatari kubwa. Hilo si la kushangaza. Polipu kubwa ikishafika kwenye skrini daktari wa kawaida huiona; isipoonekana, mara nyingi ni kwa sababu haikufika, na kompyuta haina mkono wa kuufunua mkunjo.

Swali la pili linahusu kinachotokea nje ya majaribio. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Stanford ilipoanza kuutumia mfumo huu katika kazi za kila siku, bila daktari kulazimishwa kufuata masharti ya utafiti, haikuona ongezeko la maana la ugunduzi. Ripoti yake ilitoka mwaka 2023. Daktari aliye ndani ya utafiti anajua anatazamwa. Akiwa peke yake na foleni nje, kisanduku cha kijani kinachowaka kila mara humchosha. Watafiti wa Italia walihesabu visanduku vya uongo takriban 27 kwa kila kolonoskopi. Vingi vilisababishwa na mikunjo ya ukuta, vingine na mabaki ya choo. Utumbo ukiwa mchafu, kelele huongezeka.

Swali la tatu ndilo linalonisumbua kuliko yote: jicho la daktari linabaki vipi baada ya kuizoea kompyuta? Vituo vinne vya Poland vilianza kutumia akili mnemba mwishoni mwa mwaka 2021. Watafiti wakazilinganisha kolonoskopi zilizofanywa bila kompyuta kabla na baada ya madaktari kuizoea. Kiwango cha ugunduzi kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2025 katika jarida la Lancet Gastroenterology & Hepatology. Utafiti huo haukugawanya watu kwa kura, kwa hiyo wagonjwa wenyewe au wingi wa kazi huenda vilichangia. Hata hivyo, hospitali ambayo umeme hukatika au leseni ya mfumo huisha katikati ya mwaka haiwezi kulipuuza onyo hilo.

Kwa maswali hayo, haishangazi kwamba mwaka 2025 wataalamu waligawanyika. Jopo la jarida la BMJ lilitoa ushauri dhaifu wa kutoitumia akili mnemba kwa kila mgonjwa: makadirio yake yalikuwa kwamba kwa watu 10,000 waliochunguzwa ingezuia saratani 11 na vifo 2 katika miaka kumi, huku ikiwapeleka mamia ya watu kwenye kolonoskopi za ziada za ufuatiliaji. Chama cha madaktari wa endoskopi wa Ulaya kilitoa ushauri dhaifu wa kuitumia. Chama cha madaktari wa mfumo wa chakula wa Marekani, AGA, hakikuegemea upande wowote. Wote walisoma majaribio yaleyale. Walichotofautiana ni thamani ya adenoma ndogo ikipimwa dhidi ya usumbufu wa kuifuatilia.

Kwangu mimi, jaribio lililoniambia mengi zaidi halikuhusu visanduku kabisa. Wuhan, China, walitengeneza mfumo ulioitwa ENDOANGEL ambao badala ya kuitafuta polipu humtazama daktari: hupima kasi ya kuirudisha kolonoskopu na kumwonya anapokimbia au anapoteleza na kuruka sehemu. Kwa wagonjwa 704, ugunduzi wa adenoma ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Viwango hivyo ni vya chini ukivilinganisha na vya Italia, na hilo ndilo somo lenyewe: pale msingi ulipokuwa chini, kuusimamia mkono peke yake kuliongeza matokeo maradufu.

Sasa tuje nyumbani. Kolonoskopi nyingi Afrika Mashariki hufanyika katika hospitali chache za miji mikubwa, na anayepimwa kwa kawaida si mtu mwenye afya aliyekuja kuchunguzwa. Ni mtu mwenye dalili. Amekuwa akitoka damu chooni kwa miezi, akaambiwa ni bawasiri, akapewa mafuta ya kupaka na vidonge vya chuma, na anafika kwa bingwa akiwa amekonda na utumbo umeanza kuziba. Kwa mgonjwa huyo uvimbe hauhitaji kisanduku cha kijani, unajaza skrini. Kilichokosekana ni kidole cha daktari wa zahanati kuchunguza njia ya haja kubwa, na rufaa iliyoandikwa mapema.

Kwa wachache wanaopimwa mapema, tatizo letu kubwa ni lile la njia ya kwanza. Mgonjwa huambiwa kwa maneno mawili dirishani kwamba anywe dawa asile. Hakuna aliyemweleza aache maharage, mchicha na matunda yenye mbegu kama mapera na pasheni siku kadhaa kabla, wala kwamba anapaswa kuamka alfajiri kumalizia dawa. Anasafiri usiku kwa basi kutoka wilayani, na ndani ya basi hakuna choo. Anafika na utumbo uliojaa. Daktari anaosha, anafyonza, muda unakwisha, na upande wa kulia unatazamwa juu juu. Kompyuta ya bei yoyote ikiwekwa mahali hapo itachora visanduku kwenye mabaki ya mboga.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Hifadhi za picha zilizoifundisha mifumo hii zilitoka zaidi Asia ya Mashariki, Ulaya na Marekani. Kando ya Ziwa Victoria kuna kichocho cha matumbo, kinacholetwa na Schistosoma mansoni, na mayai ya minyoo hiyo yakinasa kwenye ukuta wa utumbo mpana huweza kuotesha polipu zisizo za saratani. Tunazo pia amiba, na kifua kikuu cha utumbo. Mfumo utakaotumika Mwanza au Kisumu upimwe kwanza kwa wagonjwa wa Mwanza na Kisumu, daktari wa maabara akitoa hukumu, kabla ya kuaminiwa.

Hoja ya kupinga ninaijua: nchi zenye wataalamu wachache ndizo zinazohitaji kompyuta zaidi, kwani kijana aliyemaliza mafunzo juzi atapata macho ya mzoefu. Ina ukweli. Macho ya mzoefu atayapata, lakini mikono na subira yake hatazipata hapo. Kama kompyuta itamfanya aamini kwamba skrini tulivu ni utumbo salama, itakuwa imemdhuru, na ushahidi wa Poland unanifanya niwe na hofu hiyo. Ningependa aipate baada ya kujifunza kwanza bila hiyo, na afanye sehemu ya kazi zake bila kisanduku ili jicho lisilale.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa ununuzi ni huu. Kwanza daftari, la karatasi au la kompyuta: usafi wa utumbo kwa alama za Boston za 0 hadi 9, picha ya sikamu kuthibitisha kwamba kolonoskopu ilifika mwisho, dakika za kutoka, idadi ya polipu, na majibu ya maabara. Bila majibu ya maabara hakuna adenoma ya kuhesabu, kwa hiyo pale mgonjwa anapolipia maabara kivyake, hospitali itafute njia ya kuiingiza gharama hiyo katika bei ya kipimo. Pili, karatasi ya maelekezo ya Kiswahili chepesi na muuguzi wa kumpigia mgonjwa simu siku moja kabla. Tatu, kofia za plastiki. Nne, mafunzo ya kila mwaka ya kutambua polipu bapa. Akili mnemba ije ya tano, kwa mkopo wa majaribio, na ibaki tu ikiwa daftari linaonyesha kwamba imeongeza adenoma zenye maana.

Viwango vya kigeni visitutishe. Mwaka 2024 vyama vya Marekani vilipandisha kiwango cha chini kwa wanaochunguzwa hadi asilimia 35. Hicho ni cha watu wao, umri wao na vyakula vyao. Chetu hatutakijua mpaka tuanze kuhesabu. La muhimu ni kila hospitali kulinganisha madaktari wake wao kwa wao na mwaka huu na uliopita, kisha kukaa na aliye chini na kumsaidia, bila kumwaibisha.

Na wewe msomaji, ukiandikiwa kolonoskopi, usiulize kama hospitali ina akili mnemba. Uliza dawa ya kusafisha inanywewa mara ngapi na saa ngapi. Uliza daktari hutumia dakika ngapi kutoka. Uliza kati ya wagonjwa wake 100 huwakuta wangapi na adenoma. Hospitali isiyo na majibu ya maswali hayo ianze na daftari, kompyuta isubiri.